Shikanga Haitwi Mara Moja

Mdogo wangu Cornelius alipata mtoto wa kiume mwezi wa tano, na kabla kitovu hakijaanguka ugomvi ulikuwa umeshaanza. Mtoto mwenyewe hakuwa na kosa, maskini. Kazi yake ilikuwa kunyonya na kulowesha nguo. Tuligombania jina. Mimi nilitaka aitwe Shikanga, kama baba yetu. Cornelius alisema ni heri mtoto aitwe Jumatatu.

Katika boma letu hapa Malava jina hilo lilikuwa halijatamkwa kwa miaka kumi na tisa. Shikanga wa kwanza tunayemjua alikuwa babu yake Baba, aliyekwenda kuchimba dhahabu Malinya wakati wa wazungu. Inasemekana masikio yake yalikuwa yamezibika kabla hajafika miaka hamsini. Siku shimo lilipoanza kumomonyoka wenzake walimpigia kelele atoke, yeye akaendelea kuchimba. Baba akarithi jina, na ikawa kana kwamba amerithi na masikio. Nikiwa msichana nilikuwa nikitumwa shambani kumwita aje kula, na niliita mpaka koo likaniwasha. Alipogeuka mwishowe alicheka na kusema, "Pascalia, Shikanga haitwi mara moja." Ikawa msemo wa nyumbani. Hata ng'ombe akikataa kutoka zizini tulisema huyo naye haitwi mara moja.

Kisha trekta ya miwa ikamgonga kando ya barabara ya Webuye, ikirudi nyuma na trela lake. Hakuisikia. Kaburini, udongo ukiwa bado mbichi, dada yake mkubwa Rosebella, shangazi yetu tunayemwita senje, alisimama akasema jina hilo limekula watu wawili, limetosha, lizikwe na mwenyewe. Hakuna aliyembishia. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na anayepewa jina huaminika kuwa amepewa na mambo yake. Watu waliona Rosebella amesema ukweli mtupu. Tangu siku hiyo wavulana wanne wamezaliwa katika ukoo, na wakubwa wakaliruka jina hilo kama wanavyoruka dimbwi la maji njiani.

Aliyeumia ni Mama. Mama yangu, Phoebe, ni mwanamke wa mambo ya zamani. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alikuwa Baba Pascalia asubuhi, Baba Pascalia jioni. Mke wa umri wake hatamki jina la bwana yake. Lakini mjukuu aliyerithi jina hilo, huyo anaweza kumwita atakavyo, na hata kumtania kwamba ndiye bwana yake aliyerudi akiwa hana meno. Siku moja tukichambua majani ya kunde alinigusa goti ili nimtazame midomo.

"Mimi sikuwahi kuita jina lake hata siku moja," akasema. "Nilikuwanga nangoja mjukuu."

Kisha akaendelea na mboga. Niliielewa hamu yake kwa sababu nilikuwa na yangu. Nilitaka kulisikia jina la Baba likiitwa uani kwetu kabla masikio yangu hayajafunga duka.

Maana hata mimi sisikii vizuri. Nina miaka arobaini na minne, na ni karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha sukari upande wa Butali. Trekta linapanda juu ya mizani, naandika uzito, linashuka, linapanda lingine. Nilipofika miaka thelathini na sita nilianza kupoteza vitu. Ndege waliondoka kwanza. Nilidhani kweli wamehama, nikamwambia Mama miti yetu imekuwa kimya, akaniangalia vibaya. Ikafuata mluzi wa birika, kisha simu, kisha sauti za watoto. Madereva wa matrekta wakasema Pascalia amekuwa na maringo. Mimi nikalaumu kelele za kiwanda, kwa sababu kelele za kiwanda haziwezi kujitetea.

Mwishowe nilikwenda Kakamega mjini kwa mtaalamu wa masikio, kijana mmoja anayeitwa Clifford, mpole, mwenye ndevu tatu. Alinifungia ndani ya chumba kidogo kisicho na mwangwi, akanivisha spika za masikioni, akanichezea sauti moja moja. Nilipotoka hakusema lolote kuhusu kiwanda. Aliniuliza nani mwingine nyumbani hasikii. Nikamtajia Baba, na babu yake Baba. Akaniomba nitie mate kwenye kichupa, yapelekwe kwa watafiti wa chuo kikuu wanaofuatilia familia kama yetu. Majibu yalichukua miezi minane.

"Mama, si kiwanda," Clifford aliniambia, karatasi ikiwa mezani. Alizungumza polepole, akinitazama usoni, na kwa hilo pekee ningempa binti yangu kama ningekuwa naye. "Kelele zinaongeza, lakini hazikuanzisha."

Ndani kabisa ya sikio, alisema, kuna chembe kama elfu kumi na tano, kila moja ina vinywele kichwani. Sauti ikifika vinywele vinainama, vijilango vinafunguka, potasiamu inaingia, na umeme mdogo sana unapita. Huo umeme ndio unaokwenda kuwa sauti. Lakini potasiamu iliyoingia juu lazima itoke kwa mlango mwingine wa chini, ili chembe ipumzike na kungoja sauti inayofuata. Katika ukoo wetu mlango wa kutokea umeumbwa na kasoro.

"Kwa hivyo matrekta yanaingia kwenye mizani," nikasema, "na lango la kutokea limekwama."

Aliweka kalamu chini. "Hivyo hasa. Yanaingia, hayatoki. Chembe inachoka, halafu inakufa. Zinaanza zile za sauti nyembamba, ndege na watoto. Zikifa haziotangi tena."

"Na jina?"

"Jina gani?"

Nikamweleza habari za Shikanga wote wawili, na senje kaburini. Hakucheka, Mungu ambariki. Alisema mlango huo hurithiwa kwa damu, kutoka kwa baba au mama, nusu kwa nusu kila mtoto anapozaliwa, na kwamba damu haina habari ya nani anaitwa nani. Mimi naitwa Pascalia na ninao. Babu yangu mzaa Baba, aliyekuwa katikati ya Shikanga hao wawili, bila shaka alikuwa nao pia, ila malaria ilimchukua hajafika thelathini, masikio yake yakiwa bado mazima. Ndiyo maana watu walihesabu wawili, na wote wawili wakawa na jina moja.

Nilirudi nyumbani na vifaa viwili vya kuvaa masikioni, ambavyo vinasaidia, ingawa vijiko vikigongana nasikia vita. Nilirudi pia na ile karatasi, nikiibeba kama hukumu ya mahakama iliyoniacha huru. Mtoto wa Cornelius alipozaliwa wiki chache baadaye niliona huo ndio wakati wake. Nikaisoma jikoni mbele ya wote: Mama, Cornelius na mkewe Quinter, mtoto akiwa mapajani.

Mama alisikia neno potasiamu akauliza liko kwenye chakula gani. Nikafanya kosa la kusema ndizi. Kuanzia siku hiyo hadi leo sijapikiwa ndizi katika nyumba ile. Cornelius, ambaye ni mkulima wa miwa na anaijua potasiamu kama mbolea tu, alitaka kujua kama shida ni ile ya gunia anayonyunyizia shambani. Nikawaeleza tena, nikitumia matrekta na mizani na lango, nikipanga vifuniko vya sufuria sakafuni kama mwendawazimu. Quinter alielewa upesi kuliko wote.

"Kwa hivyo huyu anaweza kuwa nayo," alisema, akimtazama mtoto.

"Kama Cornelius anayo, ni nusu kwa nusu. Lakini hata akiwa nayo, atasikia vizuri miaka mingi. Na tutakuwa tunajua. Tutamweka mbali na kelele, tutampima. Baba hakupata hiyo bahati."

"Na wewe umepimwa?" Quinter akamuuliza mumewe.

Cornelius ana miaka thelathini na sita. Alisema anasikia sawasawa. Nikamwambia simu yake ikilia watu wa Butali wanainuka kuipokea. Hapo akakasirika.

"Wewe umesoma, sawa," akasema. "Lakini hiyo karatasi haikuwa barabarani siku ile. Unataka nimpe mtoto wangu jina lenye liliua watu wawili, halafu akigongwa mnisomee potasiamu?"

Nilitaka kumtupia kifuniko. Mama aliinamisha kichwa akaanza kuviokota vifuniko vyake kimoja kimoja, na jinsi alivyoviokota iliniuma zaidi ya maneno ya Cornelius. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Huyu angeweza kuwa mjukuu wa mwisho.

"Senje ndiye alilifunga," Cornelius akasema baadaye, sauti ikiwa imeshuka. Nilimsoma midomo. "Senje akilifungua, mimi sina neno."

Jumamosi nikapanda pikipiki mpaka Malinya, ambako senje Rosebella aliolewa na ambako amezeeka. Njia nzima nilikuwa napanga ugomvi. Senje huyu ana sifa. Ukimsalimia barabarani hajibu mpaka usimame mbele yake. Kanisani hukaa kiti cha mbele kabisa, na watu husema anataka mchungaji amwone. Hata mimi aliwahi kunipita sokoni, nikamwita kwa heshima zote, akaenda zake, nikaapa sitamwita tena.

Nilimkuta uani ameketi juu ya kigoda, amenipa mgongo, anapeta maharagwe. Nikabisha hodi kwenye mlango wa ua. Kimya. "Senje," nikaita. Kuku wakageuka. Nikaita tena nikiwa karibu, kisha mara ya tatu nikiwa nyuma yake kabisa kwa sauti ya kumwamsha mlevi. Ungo uliendelea kupanda na kushuka.

Hapo ndipo nilipojua, na hasira zangu zote zikaniacha nimesimama mikono mitupu. Kiti cha mbele kanisani ni cha kuona midomo ya mchungaji. Mimi mwenyewe hukaa cha pili.

Nilimgusa bega. Aliruka, maharagwe yakamwagika. Aliponitambua alianza kunilaumu kwa kumnyemelea, lakini mimi nilichuchumaa mbele yake nikauliza tu, "Senje, tangu lini?"

Aliniangalia midomo. Akaangalia vile vidude masikioni mwangu.

"Kabla baba yako hajafa," akasema. "Ilianza nikiwa na miaka arobaini hivi."

"Na wewe hukupewa jina la Baba."

"Nilikuwanga najua hivyo. Usidhani mimi ni mjinga."

Tuliokota maharagwe pamoja. Nilimweleza habari za chembe na mlango wa kutokea, kwa sauti ya juu, naye akauliza kwa sauti ya juu vilevile, mpaka jirani akachungulia kwenye ua akidhani tunapigana. Nilimwonyesha karatasi. Hakuisoma. Aliikunja mara nne akanirudishia.

"Kama ulijua si jina, mbona ulilifunga?"

Alipepeta ungo ambao haukuwa na kitu. "Siku ile nilikuwa nimekuja kwenu, tukawa pamoja barabarani. Yeye mbele, mimi nyuma nimebeba kuni. Hata mimi sikuisikia hiyo trekta, Pascalia. Niliiona. Nikamwita." Akaweka ungo magotini. "Hilo jina ndilo lilikuwa mdomoni mwangu. Watu wakiniuliza nini ilimuua, ningesema nini? Nikasema jina. Na sikutaka kulisikia tena kwa mdomo wa mtu yeyote."

Nilimwambia Mama anataka kulisikia. Nilimwambia kwamba Mama hajawahi kulitamka maishani mwake, na kwamba mimi nalitamani kabla haujaisha usikivu mdogo niliobaki nao. Niliyasema hayo nikilia, jambo ambalo sikulipanga njiani. Senje alinifuta uso kwa ncha ya leso yake kama nilipokuwa mtoto.

"Nenda nyumbani," akasema. "Kesho Jumapili nitakuja."

Jumapili baada ya ibada tulikusanyika. Mama alikuwa amepika ingokho, kuku wa kienyeji, na ugali wa obusuma, nyumba ikinukia, lakini hakuna aliyekaribia chakula. Mtoto alikuwa analia tangu asubuhi. Alinyonyeshwa, akabadilishwa, akabebwa mgongoni, akalia. Kwetu mtoto akilia namna hiyo wakubwa hujua ni mtu anadai jina lake, na huanza kutaja waliotangulia mmoja mmoja, mpaka litajwe jina litakalomtuliza.

Senje Rosebella alifika na mkongojo wake, akapewa kiti karibu na mlango wa jikoni. Hakuniangalia.

Mama alimpokea mtoto akaanza. Alimtaja Patroba, mjomba wake. Mtoto akalia. Akamtaja Wekesa, aliyekuwa fundi wa paa. Akamtaja Isaiah. Akaenda nyuma zaidi, majina ambayo hata mimi sikuyajua, na mtoto akawa mwekundu kama nyanya. Mama alipochoka alinipa mimi, kwa sababu mimi ndiye senje wa mtoto huyu na zamu ilikuwa yangu.

Nilivua vifaa vyangu nikavitia mfukoni, maana ukimkumbatia mtoto vifaa hivyo hupiga mluzi. Dunia ikafunikwa blanketi. Kilio chake kikawa kitu cha mbali, lakini nilipomweka kifuani nilikisikia kwenye mifupa, mtetemo mdogo wenye hasira, ukipanda na kushuka. Nikamtazama Cornelius. Alikuwa anatazama sakafu.

Quinter ndiye aliyezungumza. Niliona midomo yake vizuri. "Kuna moja mnaruka," alisema. "Mimi ni mke wa mtoto wake, siwezi kulitaja. Lakini mnaliruka."

Cornelius akamgeukia senje Rosebella. Sote tukamgeukia. Alikuwa ameshika mkongojo kwa mikono miwili, macho yake yakiwa kwangu, akingoja midomo yangu. Hakutikisa kichwa kwa namna yoyote. Nikaona nikingoja ruhusa tutafika Krismasi.

"Shikanga," nikasema.

Miaka kumi na tisa. Nililisikia ndani ya fuvu langu mwenyewe zaidi kuliko masikioni. Nilimngoja mtoto. Mtetemo ukaendelea palepale kifuani, wala haukupungua.

Cornelius aliinua mikono. "Umeona?" alisema, na sikuhitaji kusikia. "Amelikataa. Nyamazeni sasa, tule."

Mama alikuwa ameshageuka kuelekea jikoni. Nilimwona mgongo, na nilifahamu kuwa hatageuka mpaka uso wake uwe tayari. Nami nilikuwa sina karatasi ya kumsomea.

Ndipo mkongojo ukagonga sakafu. Niliuhisi kwa nyayo. Senje Rosebella alikuwa amesimama.

"Mwite tena," akasema.

Cornelius akaanza kumwambia jambo. Alimnyamazisha kwa kiganja.

"Siku ile barabarani," senje akasema, akimwangalia yeye, kisha sisi wote, polepole, ili mimi nione kila neno, "mimi nilimwita mara moja. Mara moja tu. Na nilikuwa najua. Nani katika boma hili alikuwa hajui?" Akamnyooshea mtoto kidole. "Mwiteni tena huyu mtoto."

Cornelius alikaa chini taratibu, akaziba uso kwa mikono. Mimi nilifungua kinywa, lakini senje alitikisa kichwa akamnyooshea Mama mkongojo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mahali palepale alipokuwa akisimama zamani kumngoja Baba atoke shambani. Alijifuta mikono kwenye leso, kwanza mmoja, kisha wa pili. Akanikaribia, akaweka mdomo karibu na kichwa cha mtoto, ambacho kilikuwa karibu na sikio langu.

"Shikanga," Mama akaita.

Mwanzo wa jina sikuusikia, niliuona tu. Mkia wake ulinifikia, sauti nzito ya Mama, ya chini, ya kike, ambayo sikuwahi kuisikia ikilisema neno hilo. Akaita mara ya pili. Uso wake ulikuwa wa msichana. Pale kifuani pangu mtetemo ulikatika, ukarudi kidogo, ukaisha, na kichwa kidogo kikanilalia shingoni.

Mtoto alikuwa amenyamaza. Mama aliita tena hata hivyo, na tena, na hakuna aliyemwambia aache.